Chagua tope kwanza: nyayo za dinosauri zalinganishwa kwa miamba inayozibeba

Wengi wanaopanga safari ya kwenda kuona nyayo za dinosauri huuliza ni wapi ziko nyingi zaidi, au ni wapi ziko kubwa kuliko zote. Maswali hayo yana haki yake, lakini majibu yake huweza kumfikisha mtu mbele ya mwamba wenye mamia ya mashimo, naye akaondoka bila kuelewa hata moja. Swali ninalolipendekeza ni jingine: nyayo hizo zilikanyagwa kwenye ardhi ya namna gani, na ni kitu gani kilikuja kuzifunika? Mnyama alipita hapo kwa dakika chache tu. Yaliyofuata yote, kuanzia ukali wa alama ya ukucha hadi sababu ya unyayo kuwa ukutani badala ya sakafuni, ni kazi ya tope, mchanga, chokaa, maji na uzito wa matabaka. Ukiielewa kazi hiyo, utajua pia ni eneo gani litakalokupa unachokitafuta.

Nimeyaweka maeneo saba ubavu kwa ubavu. Yote yanafahamika vizuri kwa wataalamu, na kila moja lina tabia yake ya kijiolojia.

| Eneo | Umri (miaka milioni) | Ardhi ya wakati ule | Kizuizi kwa mtazamaji |
|---|---|---|---|
| Glen Rose, Texas, Marekani | takriban 113 | wangwa wa tope la chokaa | maji ya mto |
| Cal Orck'o, Sucre, Bolivia | takriban 68 | ufuo wa ziwa lenye chokaa | ukuta huonekana kwa mbali |
| Moyeni, Quthing, Lesotho | takriban 200 | ukingo wa mto penye kona | alama zinahitaji utulivu kuzisoma |
| Otjihaenamaparero, Namibia | takriban 190 | bonde lenye unyevu kati ya vilima vya mchanga | undani wa vidole ni mdogo |
| Rocky Hill, Connecticut, Marekani | takriban 200 | ufuo wa ziwa la bonde la ufa | nyingi zimefukiwa upya |
| Lark Quarry, Queensland, Australia | takriban 95 | tope la kando ya ziwa | ni mbali sana na miji |
| Broome, Australia Magharibi | takriban 130 | mchanga wa nyanda za mito na pwani | bahari yenyewe |

Masharti yasiyokwepeka

Unyevu ndio sharti la kwanza. Tope lililokauka halichapiki. Mguu hupita juu yake na kuacha mkwaruzo tu, au usiache kitu. Tope lililojaa maji humeza mguu mzima, na mguu unapotoka, kuta za shimo huporomokea ndani. Kinachobaki ni kovu lisilo na umbo. Katikati ya hali hizo mbili kuna ardhi ambayo chembe zake zinashikana kiasi cha kusimama wima, na bado ni laini kiasi cha kupokea umbo la nyama za vidole na hata mikunjo ya ngozi. Hali hiyo ni nyembamba mno. Ufuo mmoja unaweza kuwa mgumu upande wa juu na rojorojo upande wa maji, umbali wa hatua tano tu, kwa hiyo mnyama mmoja huacha nyayo zinazofanana na za wanyama watatu.

Uzito nao una neno lake. Ardhi inayompokea vizuri mnyama wa tani nyingi huwa ngumu mno kwa mnyama wa kilo 20, ambaye hupita juu yake bila kuacha alama. Ardhi laini inayomfaa mdogo humzamisha mkubwa, na unyayo wake huharibika. Hivyo kila tabaka la tope huchagua wanyama litakaowaandika. Mwamba wenye nyayo za wanyama wakubwa peke yao hauthibitishi kwamba wadogo hawakuwepo. Unathibitisha kwamba siku ile ardhi haikuwa ya kuwaandika. Ningependa kila mgeni wa maeneo haya aingie na wazo hilo moja kichwani, kwa sababu mabango mengi hulipita.

Baada ya mguu kuondoka, chapa inahitaji kushika. Jua hukausha uso wa tope. Utando wa bakteria na mwani unaoota juu ya mashapo yenye unyevu hufunga chembe pamoja na kuzuia maji mepesi yasizichukue. Chokaa, kama ipo, huanza kuganda. Kisha huja maziko, na hapa ndipo nyayo nyingi hupotea: mafuriko makali hufuta kila kitu, ilhali maji yanayopanda taratibu hutandaza mchanga mwembamba au udongo wa mfinyanzi juu ya chapa bila kuzivunja kingo zake. Kinachofunika lazima kiwe tofauti na kilichokanyagwa. Matope ya aina moja yakilaliana hushikamana yakawa jiwe moja, na unyayo uliomo ndani hautapatikana kamwe hata kama umehifadhiwa vizuri ajabu.

Baadaye uzito wa matabaka ya juu hukamua maji, na madini kama kalsiti, silika au chuma hujaza nafasi kati ya chembe na kuzigandisha. Mamilioni ya miaka yakipita, ardhi huinuliwa, mmomonyoko huondoa tabaka lililo laini zaidi, na chapa hutoka nje. Mmomonyoko huohuo utaendelea hadi uifute. Kila unyayo unaouona leo uko katika kipindi kifupi kati ya kufunuliwa na kupotea, na nadhani ni haki kuutazama kwa uzito huo.

Chapa, kivuli chake, na kalibu

Kabla ya kuchagua eneo, ni vizuri kujua kwamba vitu vitatu tofauti huitwa unyayo.

Cha kwanza ni chapa yenyewe, yaani uso uleule ambao ngozi ya mnyama iliugusa. Hii ni adimu kuliko watu wanavyodhani. Cha pili ni chapa ya tabaka la chini. Mguu mzito haukandamizi uso tu. Hupinda pia matabaka membamba yaliyo chini yake, na miamba ikipasuka baadaye kwenye mojawapo ya matabaka hayo, tunaona shimo la duara lisilo na makucha wala nyama za vidole. Edward Hitchcock, mwalimu wa Amherst College huko Massachusetts, ndiye aliyechapisha maelezo ya kisayansi ya nyayo za bonde la mto Connecticut mwaka 1836, akiamini ni za ndege wakubwa. Katika mkusanyiko alioacha chuoni hapo kuna mawe yaliyopasuliwa kwa matabaka na kupangwa yafunguke kama kitabu: unyayo mmoja unaonekana ukurasa baada ya ukurasa, ukififia kadiri unavyoshuka. Hakuna maelezo ya maneno yanayoshinda jiwe hilo.

Cha tatu ni kalibu, yaani mchanga uliojaza shimo ukagandamana kuwa jiwe, kisha tope lililokuwa chini likaliwa na mmomonyoko. Unyayo hapo haukuzama. Umevimba, umening'inia chini ya tabaka la juu. Mfano mkali kuliko yote uko katika migodi ya makaa ya mawe ya Utah. Dinosauri walikanyaga mboji ya kinamasi, mchanga ukajaza nyayo zao, mboji ikageuka makaa. Wachimbaji walipoyatoa makaa, dari ya mgodi ilibaki na miguu ya mawe yenye vidole vitatu ikiwaelekea chini. Baadhi huchomoka na kuanguka, na kwa wachimbaji hiyo ni hatari ya kweli.

Faida ya kujua haya ni ya moja kwa moja. Anayetaka kupima urefu wa unyayo ili akadirie kimo cha mnyama anahitaji chapa yenyewe. Kanuni inayotumika sana ni kwamba nyonga ilikuwa juu kiasi cha mara nne ya urefu wa unyayo, na mwanabiolojia R. McNeill Alexander alionyesha mwaka 1976 jinsi kimo hicho pamoja na urefu wa hatua vinavyoweza kutoa makadirio ya mwendo. Akipima chapa ya tabaka la chini, ambayo huweza kuwa pana au fupi kuliko mguu halisi, hesabu yote hupotoka.

Glen Rose na Cal Orck'o: chokaa moja, hatima mbili

Maeneo haya mawili yalianza kwa tope la chokaa, na kwa kuhifadhi nyayo sijui ardhi inayoishinda. Tope hilo hutokana na maganda ya viumbe wa majini yaliyosagika na chokaa inayojitenga na maji. Likiachwa wazi, kalsiti huanza kuunganisha chembe mapema, kabla uzito wa matabaka haujafika. Chapa hupata ugumu wake ikiwa bado changa.

Glen Rose ilikuwa ukingoni mwa bahari ya kale iliyofunika sehemu ya Texas ya leo. Ilikuwa wangwa, ardhi tambarare inayofunikwa maji yanapojaa na kuachwa wazi yanapokupwa. Hapo walipita sauropodi, wale wenye shingo ndefu na miguu minne mizito, na theropodi, yaani dinosauri wala nyama wa miguu miwili, wakubwa na wenye vidole vitatu, ambao wataalamu wengi huwahusisha na Acrocanthosaurus. Udongo laini ulitanda juu ya chokaa. Leo mto Paluxy unaumomonyoa udongo huo laini na kuiacha chokaa ngumu iwe sakafu yake, ndiyo maana nyayo nyingi ziko ndani ya mto. Mwaka 2022 ukame mkali uliukausha, na nyayo ambazo kwa kawaida hulala chini ya maji na mashapo zikaonekana wazi. Mvua iliporudi zilifunikwa tena, jambo ambalo ni zuri kwao: mashapo yanayozifunika huzikinga na mmomonyoko.

Roland T. Bird wa American Museum of Natural History alifika hapo mwaka 1938, na mwaka 1940 akasimamia uchimbaji wa msururu wa nyayo za sauropodi ukiwa na nyayo za theropodi pembeni yake. Sehemu ya msururu huo iko New York, nyingine ilipelekwa Austin. Nyayo za sauropodi za Glen Rose zilikuwa na thamani kubwa kwa sababu zilionyesha mnyama huyo akitembea kwa miguu minne iliyosimama chini ya mwili wake, bila mkia kuburuta.

Eneo hilohilo ndilo lililovumishwa kuwa na nyayo za binadamu mkubwa kando ya za dinosauri, na jiolojia ndiyo iliyolimaliza suala hilo. Theropodi fulani walikanyaga kwa mguu wote, wakilaza hata sehemu ndefu iliyo nyuma ya vidole, na kuacha chapa ndefu. Mashapo ya baadaye yaliingia kwenye alama za vidole vitatu na kuziziba, yakabaki mashimo marefu yanayofanana kwa mbali na mguu wa mtu. Lakini mashapo yaliyoziba yana rangi tofauti na chokaa inayoyazunguka. Uchunguzi wa miaka ya 1980 ulionyesha vidole vya dinosauri vikichorwa na tofauti hiyo ya rangi palepale vilipozibwa. Kwangu huo ni ushahidi mzuri kuliko wote wa kwa nini inafaa kujua kilichofunika unyayo pamoja na kilichoukanyaga.

Cal Orck'o, karibu na Sucre, ilikuwa ufuo wa ziwa lililojaa na kupungua. Kila maji yalipopungua, tope la chokaa lilibaki wazi na wanyama wakapita. Yalipopanda, tabaka jipya lililala juu. Matokeo yake nyayo ziko katika zaidi ya tabaka moja, na idadi yake ni zaidi ya 5,000. Kisha safu ya milima ya Andes ikainuka, na ufuo ule uliokuwa tambarare ukasimamishwa hadi kufikia mwinamo wa takriban digrii 70. Machimbo ya kiwanda cha saruji ndiyo yaliyoufunua uso huo. Mtu anasimama chini na kuona misururu ya hatua ikipanda ukuta wenye urefu wa zaidi ya kilomita moja. Dinosauri hawakupanda popote. Ardhi ndiyo iliyogeuzwa baada yao.

Tofauti inayohusu uchaguzi wako iko kwenye mwinamo huo. Glen Rose, wakati mto uko chini, unaweza kuinama na kutazama ukingo wa chapa kwa karibu, kuona tope lilivyosukumwa pembeni na kupanda kati ya vidole. Cal Orck'o hukupa kitu ambacho sakafu haiwezi kukupa: msururu mzima kwa mtazamo mmoja, mnyama akivuka njia ya mwenzake, akibadili mwelekeo. Lakini unautazama kwa mbali na darubini ya mkononi ni ya lazima. Ukuta wenyewe uko hatarini. Maji huingia kati ya matabaka, na vipande hubomoka. Sehemu moja ilianguka mwaka 2010. Kwa mtu ambaye hajawahi kuona unyayo wa dinosauri, ningechagua Glen Rose bila kusita, mwishoni mwa kiangazi cha huko maji yanapokuwa machache. Kwa anayependa kuona nguvu za gamba la dunia na wanyama katika picha moja, Cal Orck'o haina mpinzani.

Moyeni au Otjihaenamaparero: mteremko wa tope na mchanga wa upepo

Moyeni, karibu na mji wa Quthing kusini mwa Lesotho, haina ukubwa wa Bolivia wala umaarufu wa Texas. Naiweka juu sana hata hivyo. Uso wa mwamba huo ni mteremko wa ukingo wa mto ulivyokuwa, mahali mto ulipopinda na kurundika mchanga upande wa ndani wa kona, kisha tope jembamba likatanda juu. Chini, karibu na maji, palikuwa rojorojo na alama za viwimbi bado zipo. Katikati ni mteremko unaoteleza. Juu palikuwa pakavu na pagumu. Yaani hali zote tatu za unyevu nilizozitaja mwanzoni ziko kwenye jiwe moja, na wanyama walipita kutoka moja hadi nyingine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na Jeffrey Wilson, Claudia Marsicano na Roger Smith ulisoma mabadiliko hayo hatua kwa hatua. Mnyama mmoja wa kundi la dinosauri wala majani alipokuwa kwenye tope laini alitembea kwa miguu minne, akikanyaga kwa wayo wote. Alipofika kwenye mteremko na ardhi ngumu alibadilika, akasimama kwa miguu miwili na kukanyagia vidole. Theropodi walifanya vingine: mkao wao haukubadilika, lakini kwenye mteremko walichimbia makucha ardhini. Sijui eneo jingine ambalo tofauti ya tabia kati ya makundi mawili ya wanyama imeandikwa wazi namna hii na ardhi iliyo chini yao.

Otjihaenamaparero, karibu na Kalkfeld nchini Namibia, ni kinyume chake. Hapa ardhi ilikuwa jangwa la vilima vya mchanga uliobebwa na upepo, ambao leo ni jiwe la mchanga linaloitwa Etjo. Mchanga mkavu hauhifadhi unyayo. Huporomoka mguu unapoinuka. Kilichookoa nyayo ni maji kidogo kwenye mabonde kati ya vilima. Mchanga wenye unyevu ulishika umbo, kisha upepo ukaleta mchanga mwingine na kufunika. Eneo lilitangazwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1951, na msururu mmoja wa nyayo za vidole vitatu unafuatika kwa zaidi ya mita 20. Usitarajie mikunjo ya ngozi. Chembe za mchanga ni kubwa mno kwa kazi hiyo, na vidole vinaonekana kama vidole tu.

Kwa hiyo Otjihaenamaparero inamfaa anayetaka kusimama kando ya njia ya mnyama na kuihesabu kwa hatua zake mwenyewe: mistari ni safi, jiwe ni gumu, hakuna mto wala ukuta. Anayetaka kuelewa nyayo hutokeaje aende Moyeni, na akae. Ni mwamba wa kusomwa kwa saa kadhaa, kuanzia chini kwenda juu, na anayeupita kwa dakika kumi ataona madoa.

Yaliyoezekewa: Rocky Hill na Lark Quarry

Maeneo haya mawili yamejengewa paa, na yote mawili yanaonyesha kwa nini paa ni jambo la busara.

Rocky Hill iligunduliwa mwaka 1966 wakati tingatinga lilipokuwa likiandaa kiwanja cha jengo la serikali ya jimbo. Zilionekana nyayo takriban 2,000. Karibu 500 zimo ndani ya jengo la kuba. Nyingine takriban 1,500 zilifukiwa tena kwa makusudi. Wapo wanaolalamika kuzinyimwa, lakini uamuzi ule ulikuwa sahihi: udongo umezilinda nyayo hizo kwa miaka milioni 200, na jengo lolote la binadamu halijafikia rekodi hiyo. Ardhi ya hapo ilitokana na kupasuka kwa bara kuu la Pangaea. Mabonde ya ufa yalifunguka, maziwa yakajaa na kukauka kulingana na mizunguko ya hali ya hewa, na volkano zikamwaga lava kati ya vipindi hivyo. Kila ziwa lilipopungua liliacha ukanda mpana wa tope.

Nyayo nyingi za hapo huitwa Eubrontes, jina la nyayo na si la mnyama, kwa kuwa mifupa ya aliyezikanyaga haijapatikana pamoja nazo. Dilophosaurus, theropodi anayejulikana kwa mifupa yake, ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mfano wa karibu. Ukosefu wa mifupa si bahati mbaya tu. Ufuo unaojaa na kukauka mara kwa mara, wenye hewa tele, huhifadhi chapa na kuozesha mifupa. Mahali pazuri kwa nyayo mara nyingi ni pabaya kwa mifupa, na anayetaka vyote viwili pamoja atafute kwingine.

Lark Quarry iko takriban kilomita 110 kutoka mji wa Winton, na ina nyayo zipatazo 3,300, nyingi zikiwa za wanyama wadogo wa vidole vitatu, kwenye uso ambao ulikuwa tope la kando ya ziwa. Tony Thulborn na Mary Wade, walioongoza kazi hapo katika miaka ya 1970, walizieleza kuwa ni za kundi lililotimua mbio baada ya mwindaji mkubwa kutokea. Mwaka 2013 Anthony Romilio na wenzake walipendekeza maelezo mengine: kwamba nyingi ni mikwaruzo ya vidole vya wanyama walioelea na kuogelea kwenye maji yanayotiririka, kina kikibadilika, na kwamba mkubwa yule huenda alikuwa mla majani. Mwamba ni uleule. Kinachogombaniwa ni kina cha maji na hali ya tope wakati wa kukanyagwa, kwa sababu alama ndefu isiyo na kisigino inaweza kuwa ya anayekimbia au ya anayegusa chini kwa ncha za vidole. Mimi navutiwa zaidi na maelezo ya maji, hasa kwa alama zile ndefu zilizo sambamba, lakini ukienda tazama mwenyewe kama mchanga umesukumwa nyuma ya vidole au la.

Kabla ya jengo la mwaka 2002, uso huo ulikuwa unaharibika kwa joto, baridi, mvua na miguu ya wanyama. Kati ya mawili haya, Rocky Hill ni rahisi kufikika na inafaa familia yenye watoto, na Lark Quarry inafaa mtu anayependa ubishi wa kisayansi na yuko tayari kwa safari ndefu.

Broome, na suala la saa

Ufuo wa Broome na rasi ya Dampier unastahili makala yake. Utafiti ulioongozwa na Steven Salisbury na kuchapishwa mwaka 2017 ulitaja aina 21 za nyayo katika eneo la Walmadany, na nyayo za sauropodi zenye urefu wa takriban mita 1.7. Uzito wa wanyama hao ulipinda matabaka ya chini kiasi kwamba jiwe lenyewe lina mabonde yaliyoachwa na miguu yao. Watu wa Goolarabooloo, wenyeji wa asili wa pwani hiyo, wamezijua nyayo hizo kwa vizazi vingi katika simulizi zao, na inampasa mgeni kuheshimu maelekezo yao. Tatizo ni bahari: tofauti ya maji kujaa na kukupwa hapo hufikia takriban mita 10, na nyayo nyingi huonekana tu wakati wa bamvua, maji yanapokupwa kabisa. Maji mafu yakikukuta, umekwenda bure.

Saa ina uzito kila mahali, hata pasipo na bahari. Jua la utosini hufuta vivuli, na unyayo wa kina cha sentimita mbili hupotea machoni. Nenda asubuhi mapema au jioni, mwanga ukija kwa ubavu. Chini ya paa, omba taa iwekwe pembeni.

Na kama unataka kuondoka na nakala, usimwage plasta kwenye unyayo wa mwamba: ikiganda hung'oa kingo laini na kuacha mabaki ndani ya vinyweleo vya jiwe. Rocky Hill wametenga nyayo maalumu nje kwa wageni wanaotaka kufanya hivyo kwa utaratibu wao, na hapo ni sawa. Kwingine kote piga picha nyingi kutoka pande zote, kila moja ikipishana kwa zaidi ya nusu na iliyotangulia, rula ikiwa kando ya chapa. Programu za kompyuta huziunganisha kuwa umbo la pande tatu, na juu ya umbo hilo unaweza kupima kina cha kila kidole na kuona upande ambao tope lilisukumwa.